Nani Anaamua? Mafunzo Niliyopata Katika Kazi ya Ufadhili Milimani Usambara

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ya kukaa katikati. Upande mmoja wapo akina mama wa vikundi vya Lushoto, Mlalo, Soni na Bumbuli. Upande wa pili wapo watu na mashirika yenye fedha za kutoa, mengi ya Ulaya na Marekani, machache ya hapa nyumbani. Naandika maombi, napeleka wageni vijijini, nafuatilia hesabu, na pakitokea kutoelewana naitwa kusuluhisha. Ni mzaliwa wa milima hii, na bibi yangu mzaa mama alilima Mlalo mpaka mgongo ukapinda.

Tangu Mei 2020, George Floyd alipouawa na polisi mjini Minneapolis, barua za wafadhili zimeanza kutaja mambo ambayo zamani hayakutajwa: haki kwa watu wa kila rangi, usawa wa wanawake na wanaume, nani ana sauti juu ya fedha. Nimefurahi, kwa kuwa hayo ndiyo mambo yetu hasa. Haya ninayoandika ni niliyojifunza kuhusu namna yanavyogeuka kuwa kitu cha kushikika huku Usambara. Yote yanazunguka jambo moja ninaloliamini: msaada huleta haki pale unapohamisha uamuzi. Usipohamisha uamuzi, hata ukiwa mkubwa namna gani, unamwacha mtu palepale ulipomkuta.

1. Kabla ya kuhesabu kilichotolewa, hesabu kilichochukuliwa

Mgeni akipanda kutoka Mombo kwa ile barabara ya kona nyingi, akapita Soni na kufika Lushoto, huona mji wa baridi, mikaratusi, makanisa na majengo ya zamani. Swali lake la kwanza mara nyingi huwa: watu hawa wanahitaji nini? Mimi humwomba tukae kwanza, tunywe chai, nimweleze historia.

Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikwisha kufungua mashamba makubwa ya kahawa Derema na Nguelo, Usambara Mashariki. Mwaka 1895 serikali yao ikatoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani alikuwa akiamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Wao. Msambaa aliyeliacha shamba lipumzike ili alirudie baada ya misimu kadhaa alikuta lina mmiliki mpya. Hakuulizwa, kwa sababu katika sheria ile mtu mweusi hakuwa mtu wa kuulizwa.

Kisha humwonyesha ua. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alikuta kwenye mawe yenye kivuli ua dogo la zambarau, akapeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa bustani za Herrenhausen, Hermann Wendland, akalipa jina la kisayansi: Saintpaulia, kwa jina la huyo aliyelichukua. Leo ua hilo huuzwa kwenye vyungu Ulaya na Amerika, na limetengeneza biashara ya fedha nyingi. Wafadhili wetu wengi wamelilea madirishani mwao bila kujua kwao ni wapi. Watu wa milima hii hawakupata fungu katika biashara hiyo, wala jina lao halimo katika jina hilo la kisayansi.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa waliyotendewa watu wetu wakati wa Vita vya Maji Maji. Nililipokea neno lile kwa uzito. Radhi hubadilisha namna watu wanavyoketi mezani. Mfadhili aliyeisikia historia hii haji tena kama mhisani anayemwonea huruma maskini. Huja kama mtu aliyerithi upande mmoja wa hesabu, nasi tumerithi upande wa pili. Nimeona wageni wakibadilika baada ya mazungumzo hayo. Sauti hushuka, na maswali huwa mengi kuliko maelekezo.

2. Huruma inaweza kumlea mtoto na kuuacha ukuta umesimama

Kifungilo, hukuhuku milimani, leo inajulikana kwa shule yake ya sekondari ya wasichana. Wakati wa ukoloni palikuwa na makao ya watoto yaliyoendeshwa na masista Wajerumani wa shirika la Damu Azizi, na wengi waliolelewa pale walikuwa machotara. Tanganyika ya siku hizo iligawa shule kwa rangi. Za Wazungu zilikuwa peke yake, za Wahindi peke yake, za Waafrika peke yake, na fedha ya serikali kwa mtoto mmoja haikulingana hata kidogo. Mtoto wa mama Mwafrika na baba mzungu hakuwa na mlango wake katika mpango huo. Masista walimpa kitanda, uji, sala na darasa.

Mmoja wa watoto hao, Maria Nhambu, ameyaandika maisha yake katika kitabu *Africa's Child* kilichotoka 2016. Ameeleza mapenzi na ameeleza machungu, yote mawili, bila kuficha. Kutoka Kifungilo alikwenda Marian College, Morogoro, shule ya masista wa Maryknoll ambayo leo ni Kilakala. Mwaka 1963 akaenda Marekani kwa msaada wa mwalimu kijana Mmarekani aliyemchukua kuwa mwanawe. Huko Minneapolis akaja kuwa mwalimu wa Kiswahili na masomo ya Afrika. Msichana aliyeanza bila ukoo wa kuutaja, akawafundisha watoto wa Marekani lugha ya Afrika! Hata nikirudia kuisoma habari hiyo, bado inanigusa.

Lakini nikikifunga kitabu hubaki na swali. Ule mstari wa rangi uliomfanya mtoto awe wa kufichwa, nani aliufuta? Si sadaka. Uliondolewa na uamuzi wa kisiasa: nchi ilipata Uhuru Desemba 1961, na Januari 1962 shule za rangi tofauti zikaunganishwa kisheria. Kitanda kilitoka kwa wahisani. Ukuta ulibomolewa na Watanganyika wenyewe walipopata mamlaka ya kuamua.

Tangu nilipoyaweka mambo hayo mawili sambamba, kila mfadhili anayetaka kuboresha maisha ya wasichana namwomba agawe mfuko wake. Sehemu iende kwenye kitanda, kwa kuwa mtoto hawezi kulala njaa akisubiri sheria ibadilike. Sehemu iende kwa wanaobomoa ukuta: wanasheria, waandishi, watetezi. Tunao wa kwetu, wa muda mrefu. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilianza 1987. TGNP, mtandao wa jinsia, ilianza 1993. Katika kazi yangu, fedha ya madawati imepatikana kwa urahisi kuliko fedha ya kubadilisha sheria, kwa sababu dawati hupigwa picha na sheria haipigiki picha. Hilo halina budi kubadilika.

Niongeze jambo kuhusu muda. Mazinde Juu, mlima mmoja tu na huku kwetu, Padre Damian Milliken, Mbenediktini kutoka Marekani, alianzisha mwaka 1989 shule ya sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria, wakati nafasi za wasichana wa Usambara kusoma sekondari zilikuwa haba mno. Wahisani wa kwao walimsaidia mwaka hata mwaka. Elimu ya msichana haikai ndani ya mradi wa miaka mitatu. Anayetaka kusaidia wasichana ajiandae kubaki mpaka yule wa kidato cha kwanza awe na binti wa kidato cha kwanza.

3. Uliza jembe liko mkononi mwa nani

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa kwingine Usambara. Kila kaya ilitakiwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Nia yenyewe ilikuwa na msingi, maana udongo ulikuwa unakwenda na mvua. Ila milimani kwetu shamba la chakula lilikuwa la mwanamke, na kwa hiyo matuta yalimwangukia yeye, juu ya maji, kuni, watoto na mahindi. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Watu walipinga kwa miaka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameueleza upinzani huo kwa kina katika kitabu chake *Peasant Intellectuals* cha 1990, na anaonyesha jinsi ulivyoungana na harakati za TANU za kudai Uhuru.

Bibi yangu hakukisoma kitabu hicho. Yeye alikuwa akisema, "Walituhesabia matuta, hawakutuhesabia saa."

Maneno yake nayachukua kila ninapopelekewa andiko la mradi. Juzijuzi uliletwa mradi wa miche ya miti na ya matunda: mapea, maplamu, mapichesi. Kwenye andiko palikuwa na hesabu ya miche itakayopandwa, na hesabu ilipendeza. Tukaenda kijijini, tukakaa na akina mama chini ya mwembe, nikauliza nani atamwagilia kitalu. Wakaangaliana. Mama mmoja akajibu, "Mwanangu, mto uko kule chini. Ndoo ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili ya ng'ombe. Hiyo ya miche itachotwa saa ngapi?" Wakatoa masharti yao. Kitalu kikahamishwa karibu na kijito, zamu za wanaume za kumwagilia zikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kwa majina, na mwenyekiti wa kitongoji akatia saini. Mfadhili alikubali. Idadi ya miche ilipungua, na saa za akina mama hazikuliwa.

Kwa hiyo andiko linalosema "jamii itashiriki" halitoshi. Jamii ina watu, na watu wana mikono. Taja ya nani.

4. Ardhi kwanza, mengine yafuate

Hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo penye mzizi.

Usambara watu ni wengi na mashamba ni madogo, yamebandikana mlimani kama viraka vya kanzu ya fukara. Kwa desturi yetu mke hupewa na mume shamba la kulima, kisha shamba hilo hurithiwa na wanawe wa kiume. Binti huambiwa ataikuta ardhi kwa mumewe. Mume akifa, mjane hukaa kwa hisani ya wanawe au ya mashemeji, na hisani hukatika siku ambayo ardhi imepanda bei. Mwanamke anaweza kulima miaka arobaini na asiwe na mahali pa kusimama akasema, hapa ni pangu.

Sheria ya nchi imekwisha kusema tofauti. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na ya vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kwenye mirathi, hata hivyo, bado kanuni za kimila zilizotangazwa 1963 zinambana mjane. Wajane wawili wa Shinyanga walifikisha shauri lao mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona kwamba haki zao zimevunjwa. Shauri kama lile haliendi bila nauli, wakili na karatasi, na fedha ya ufadhili ikitumika hivyo inatetea mamilioni ya wanawake kupitia wawili.

Lakini haki iliyoandikwa Dodoma ina safari ndefu kufika kwenye mteremko wa Bumbuli. Nilikuwepo katika ofisi ya kijiji kimoja juu ya Soni siku ya kujaza fomu za hati za hakimiliki ya kimila. Chumba kidogo, benchi mbili, ukungu unaingia dirishani. Karani anaita kaya moja moja, anaandika jina la mume, anasonga mbele. Pembeni alikaa msaidizi wa kisheria wa kijiji, mama wa makamo aliyejitanda khanga juu ya sweta. Kaya ya nne au ya tano ilipoitwa akasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo. Naomba fomu isome majina mawili."

Kukawa kimya. Karani akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama mume. Mume, mgosi (ndivyo tunavyomwita mwanamume kwa Kisambaa) mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, akakuna kidevu, akasema, "Liandikwe. Mipaka ya shamba lile anaijua yeye kuliko mimi." Mkewe akachovya kidole kwenye wino, akagandamiza, kisha akakifuta kwenye pindo la gauni kwa utulivu, kana kwamba hufanya hivyo kila Jumatatu. Waliofuata wakaanza kuuliza wenyewe kuhusu majina mawili.

Ni gharama gani ilifanya jambo hilo liwezekane? Mafunzo ya yule mama, nauli yake, fotokopi na vikao vichache. Hakuna jengo lenye kibao cha mfadhili. Wasaidizi wa kisheria wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na tangu 2011 mfuko wa huduma za kisheria uitwao LSF, ulioanza kwa fedha ya Denmark, umekuwa ukiwawezesha nchi nzima. Ukiniuliza shilingi ya mfadhili iende wapi kwanza huku kwetu, nitasema hapo.

Na tuna bahati moja ambayo haijatumika ipasavyo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo hapahapa Lushoto. Watumishi wa mahakama wa nchi nzima hupanda mlima huu kuja kujifunza. Natamani siku moja mfadhili agharamie jambo dogo: kila mwaka wajane wa vijiji vya jirani waalikwe kuzungumza na wanafunzi wale, waeleze shauri la mirathi lilivyoendeshwa na lilivyowaacha. Hakimu aliyemsikia mjane ana kwa ana akiwa mwanafunzi atasoma jalada kwa macho mengine.

5. Fedha isifungwe kamba miguuni

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kilitembelewa na mgeni kutoka shirika kubwa. Akina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka kwa mpangilio wa namba zao. Katikati sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Hisa zikagongwa mhuri kwenye vitabu, mfuko wa jamii ukahesabiwa kwa sauti ili kila mtu akumbuke salio, na waliochelewa wakatoa faini bila kubishana. Mgeni alivutiwa. Akauliza wangependa mafunzo gani ya ujasiriamali.

Mwenyekiti wao akamjibu kwa heshima, "Karibu sana, mgeni wetu. Mafunzo tumepata, na vyeti tunavyo nyumbani. Sisi tunakosa mizani na lori la Fuso."

Kisha akaeleza. Kabichi na viazi vyao hununuliwa shambani na dalali kwa lumbesa, gunia lililovimba kupita kipimo. Mvua ikinyesha na barabara ikateleza, dalali hushusha bei kwa kuwa anajua mzigo utaoza. Wakiwa na mizani yao na fedha ya kukodi gari mpaka sokoni Dar es Salaam, watauza kwa kilo na kwa bei ya mjini. Maelezo yale yalikuwa mpango kamili wa biashara, umetolewa kwa dakika kumi, mezani hakuna hata karatasi. Mfuko wa yule mgeni ulikuwa na fungu la mafunzo tu. Fungu la mizani halikuwemo.

Ndiyo maana nazipenda fedha zinazotolewa bila kufungwa kamba. Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanzishwa 2008, unatoa ruzuku kwa vikundi na mashirika ya wanawake, na wanaoamua ni wanawake wa hapahapa. Kabla yake, mwaka 2000, ulizaliwa mfuko wa AWDF wa wanawake wa Afrika, makao yake Accra, na mmoja wa waasisi wake watatu ni Hilda Tadria wa Uganda. Hawa wamethibitisha kwamba mwanamke Mwafrika anaweza kuwa upande wa meza unaosaini hundi. Marekani nako MacKenzie Scott ametoa mabilioni ya dola tangu 2020 kwa mtindo wa kumwamini anayepokea apange mwenyewe matumizi. Mfadhili mkubwa asiyejua Kiswahili, wala Kisambaa, atafanya vyema kupitisha fedha yake kwenye mifuko ya namna hii kuliko kufungua ofisi mpya yenye magari meupe.

Na ripoti ziandikwe kwa Kiswahili. Katibu wa kikundi ameandika daftari safi, kila shilingi ina mstari wake. Kumlazimisha atafute mtu wa kumwandikia Kiingereza ni kumpokonya daftari lake na kumpa mwingine sauti ya kumsemea.

6. Tazama mishahara, tazama picha

Ubaguzi wa rangi haujafungiwa kwenye historia. Nimeona bajeti ambamo mtaalamu kutoka nje na mwenyeji mwenye shahada ileile, wanaofanya kazi ileile, wanalipwa kwa tofauti ya mbingu na ardhi, na aliyeidhinisha hakuona ajabu. Nimeona mabango ya kuchangisha yenye mtoto wa Kisambaa peku, uso una makamasi, bila jina na bila ridhaa ya mama yake. Mtoto wa mfadhili asingepigwa picha hiyo. Siku hizi vyote viwili navitaja kwenye kikao cha kwanza kabisa, kabla ya mkataba: malipo sawa kwa kazi sawa, na picha kwa ruhusa ya mwenyewe aliyeiona kwanza.

7. Msichana aliyeruhusiwa kurudi shule bado anahitaji njia ya kurudi

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alikuwa amemaliza shule. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa aliyejifungua anaweza kurudi kwenye mfumo rasmi. Lilikuwa tangazo kubwa, na walilipigania wengi. Huku milimani, hata hivyo, wengi wa wasichana hao walikwisha kushuka Mombo na kupanda basi kwenda Tanga au Dar es Salaam kuwa dada wa kazi, mtoto kaachwa kwa bibi. Ili mmoja arudi darasani panahitajika mtu wa kumlea mtoto mchana, maziwa, sare, na bweni au chumba karibu na shule maana kutembea mlima na mabonde jioni ni hatari. Karo peke yake haimrudishi mtu. Vikundi vya akina mama vinalijua hili, na mahali ambapo vimepewa fedha viamue vyenyewe, jambo la kwanza vililolipia lilikuwa mlezi wa mtoto.

8. Wanaume waitwe mapema

Yule mgosi wa kofia ya sufu hakubadilika siku ile ofisini. Msaidizi wa kisheria alikwisha kuongea naye na wenzake kwenye baraza la kahawa, mara kadhaa, kwa adabu. Bajeti ya usawa wa kijinsia isiyo na nafasi ya mazungumzo hayo haijakamilika.

9. Kutoa ni moyo, nasi tunao

Tusijidanganye kwamba ufadhili ni jambo la wageni. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, uliochimba barabara za vijiji vyetu ni ufadhili. Michango ya msiba ni ufadhili. Kadi za harusi zinazozunguka kwenye simu zetu, zenye kima cha chini kabisa, ni fedha nyingi ambayo Wasambaa wa mijini hutoa kila mwezi. Serikali nayo imeweka kisheria tangu 2018 kwamba halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni fedha yetu, na tuna haki ya kuuliza imekwenda kwa nani.

Basi wewe mwana wa Usambara uliyeko Dar es Salaam, Arusha, Muscat au Minnesota, nakuomba mambo matatu. Baba akigawa shamba, simama useme dada yako naye ahesabiwe, na jina lake liingie kwenye hati. Katika michango yako ya mwaka, toa fungu la nauli ya msaidizi wa kisheria wa kijiji chenu. Haizidi kadi moja ya harusi. Na mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu: ukiwa nyumbani siku hiyo, nenda, kaa hadi mwisho, na mama yeyote akinyoosha mkono, hakikisha amepewa nafasi ya kusema mpaka amalize.